Gia otomatiki inagoma kutoka P mara mojamoja na taa ya O/D OFF inawaka na kuzima: naomba mwongozo kabla sijanunua giaboksi nyingine

Mkazi wa Chumbageni

Salamu kwenu wakuu. Naomba ushauri kuhusu gari langu dogo la Kijapani la mwaka 2004, lenye injini ya petroli ya lita 1.5 na giaboksi otomatiki ya gia nne, ambalo nalitumia hapa Tanga mjini kwa shughuli za kila siku na pengine hupanda nalo hadi Lushoto kufuata mboga.

Tatizo lenyewe huja na kuondoka, na hilo ndilo linalonitesa. Baadhi ya asubuhi nikikanyaga breki na kubonyeza kitufe cha mkono wa gia, mkono unagoma kutoka P, yaani nafasi ya kuegesha. Nikiachia pedali na kukanyaga tena kwa nguvu zaidi, unatoka. Siku nyingine nikizungusha ufunguo mkono ukiwa P, stata hailii kabisa, ingawa taa za dashibodi zinawaka kwa mwanga wake wa kawaida; nikishusha mkono hadi N, yaani nafasi huru, injini inawaka papo hapo. La tatu, ambalo ndilo lililonitia hofu, ni kwamba safari ikiwa ndefu na jua ni kali, hasa nikishapita Mombo na kuanza kukwea, taa ya O/D OFF, ile inayoonyesha kwamba gia ya nne imezuiwa, huanza kuwaka na kuzima bila mimi kugusa kitufe chake, gari hung'ang'ania gia moja, na injini hunguruma kuliko mwendo. Nikiegesha pembeni na kuliacha lipoe, likiwashwa tena linakwenda vizuri kabisa.

Nimelipeleka gereji. Fundi aling'oa waya wa betri, akaurudisha, taa ikapotea, kisha akasema kwamba tatizo likirudi dawa yake ni giaboksi nyingine iliyotumika kutoka Dar es Salaam. Mafuta ya giaboksi nimeyaangalia mwenyewe: ni mekundu, hayanuki kuungua, na yako kwenye kipimo. Gia zenyewe, taa ikiwa haijaanza vituko vyake, zinaingia laini bila kugonga.

Naomba kujua mambo mawili. Je, haya ni maradhi matatu au ni moja linalojitokeza kwa sura tatu? Na je, kuna namna ya kulikamata kosa ambalo hujificha kila gari linapofikishwa kwa fundi? Fedha ya giaboksi ni nyingi, na sitaki kuitoa kwa kubahatisha.

Bandarini

Pole sana ndugu yangu. Nitagusia moja tu, la mkono kugoma kutoka P, na mengine nitawaachia mafundi.

Mkono huo hufungwa na solenoidi ndogo, yaani sumaku ya umeme, iliyo chini yake, na solenoidi hiyo hailegezi kufuli mpaka ipate taarifa kwamba breki imekanyagwa. Taarifa hiyo hutoka kwenye swichi ileile inayowasha taa za breki, iliyofungwa juu ya pedali. Kwa hiyo siku mkono utakapogoma, usihangaike nao. Acha mguu palepale kwenye breki na umwombe mtu asimame nyuma akuambie kama taa zinawaka. Ikiwa ni alfajiri na umeegesha karibu na ukuta, utauona wekundu wake kwenye kioo bila kumwita mtu. Zisipowaka, tazama swichi ya breki na fyuzi iliyoandikwa STOP. Zikiwaka na mkono bado umegoma, sikiliza kama kuna mlio mdogo wa "tak" chini ya mkono wa gia kila unapokanyaga. Mlio ukiwapo, umeme unafika na kilichokwama ni chuma. Kwa vile umesema ukikanyaga kwa nguvu zaidi mkono unatoka, mimi naanza kuishuku swichi ya breki.

Fundi Rewaya, Ngamiani

Aliyetangulia amesema kweli, nami naanza na swali la kwanza la mwenye gari. Kwa maelezo uliyotoa, hayo si maradhi moja. Kufuli la P linategemea swichi ya breki. Stata inategemea swichi ya nafasi za gia, ambayo mafundi wengi tunaiita inhibita, iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi. Na taa ya O/D OFF inayowaka na kuzima ni kompyuta ya gari inayotangaza kwamba imeona kosa kwenye solenoidi za gia, kwenye sensa za mwendo au kwenye nyaya zake. Ni njia tatu tofauti za umeme ndani ya gari la zaidi ya miaka ishirini linalolala kwenye hewa ya chumvi, na hakuna ajabu zikachoka pamoja. Hakuna hata moja kati ya hizo inayothibitisha kwamba giaboksi imekufa. Giaboksi iliyokwisha ndani huteleza, hugonga, huchafua mafuta na kuyapa harufu ya kuungua, na haiponi kwa kuegeshwa pembeni na kuzimwa.

Kuhusu stata, umetupa ushahidi mzuri kuliko unavyodhani. Nafasi za P na N hutumia nyaya zilezile mbili kupeleka umeme kwenye stata. Ikiwa N inawasha papo hapo, basi betri, fyuzi, rilei, nyaya na stata yenyewe vyote ni vizima, na wa kushukiwa wamebaki wachache: mguso wa P ndani ya inhibita umelika, au inhibita imekaa upande, au kebo ya gia na bushi zake zimelegea kiasi kwamba mkono unaonyesha P huku kule chini giaboksi haijafika P sawasawa. Siku itakapogoma, funga breki ya mkono, weka vizuizi kwenye magurudumu, kanyaga breki, shikilia ufunguo mahali pa kuwashia, kisha usukume mkono wa gia taratibu kuelekea mbele bila kuutoa P. Stata ikilia kwa kusukumwa huko, tatizo ni la mkao au la kebo, na swichi mpya haitakusaidia kitu mpaka mkao urekebishwe.

Sasa tuje kwenye taa. Ikiwa taa ya O/D OFF inawaka moja kwa moja bila kuzima, kompyuta imeamini tu kwamba umebonyeza kitufe cha kuizuia gia ya nne. Hapo hutazamwa waya mwembamba unaopanda ndani ya mkono wa gia, kwa sababu hukunjwa kila mkono unaposogezwa na mwishowe hukatika ndani ya ngozi yake au hugusana na chuma. Ikiwa inawaka na kuzima kwa mdundo, kama yako, kuna kosa lililoandikwa kwenye kumbukumbu. Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyofutwa waya wa betri ulipong'olewa. Tafadhali, taa ikirudi, asiguse mtu betri kabla msimbo, yaani namba ya kosa hilo, haujasomwa kwa mashine. P0705 inaelekeza kwenye inhibita, P0720 kwenye sensa ya mwendo wa shafti ya kutokea, P0753 na P0758 kwenye umeme wa solenoidi za kubadilishia gia. Uangalie pia mashine utakayotumia, kwa maana vile vifaa vidogo vya bei nafuu vinavyounganishwa na simu mara nyingi haviongei na magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani. Tafuta fundi mwenye mashine kamili.

Msimbo ukisema solenoidi, usikimbilie kununua solenoidi. Msimbo unataja njia nzima ya umeme, kuanzia kompyuta, kupitia nyaya na plagi, hadi koili iliyozama kwenye mafuta. Kazi ya fundi ni kuigawa njia hiyo nusu kwa nusu. Kwanza utolewe waya wa hasi wa betri, kisha plagi ya kontroli boksi, yaani ile kompyuta, ichomolewe na upinzani upimwe kutoka pini ya solenoidi hiyo hadi kwenye bodi. Solenoidi nyingi za aina ya kuwasha na kuzima husoma kati ya omu 11 na 15 zikiwa baridi. Halafu ipimwe solenoidi ileile kutokea plagi ya pale kwenye giaboksi. Kama kipimo cha kwanza kinarukaruka na cha pili kimetulia, kosa liko kwenye nyaya baina ya sehemu hizo mbili, na giaboksi haina hatia.

Vipimo hivyo virudiwe giaboksi ikiwa ya moto, maana huko ndiko kosa linakoishi. Upinzani wa shaba hupanda kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto, hivyo koili ya omu 13 ikipashwa kwa nyuzi 70 zaidi itasoma omu 16 na ushee. Huo si ubovu. Ubovu ni pale mita inaporuka ghafla hadi kusoma njia imekatika, kisha ikarudi. Wakati mita imeunganishwa, mtu mmoja aitikise mikungu ya nyaya polepole, hatua kwa hatua, hasa pale inapopita chini ya betri, inapobanwa na klipu, na inapoingia kwenye plagi, na mwingine asiondoe macho kwenye mita.

Kuna mtego mmoja ambao naomba usikupite. Multimita ikionyesha volti 12 haijathibitisha kwamba waya ni mzima, kwa sababu mita yenyewe hunywa umeme mdogo mno. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba ni sawa na kamba ya mashua iliyobakiwa na uzi mmoja: inafika gatini, lakini haiwezi kuzuia chombo. Waya hupimwa ukiwa na mzigo. Chukua balbu ya breki ya wati 21, ambayo hunywa karibu ampea 1.75, wakati solenoidi ya omu 13 haifiki ampea 1. Waya ukiiwasha balbu hiyo kwa mwanga kamili, utaweza kuibeba solenoidi. Lakini lazima waya uwe umechomolewa kwenye kontroli boksi kabla ya kuunganisha balbu, la sivyo utaunguza kontroli boksi, na hapo ndipo hasara ya kweli itakapoanza.

Mwisho, pima waya wa ethi, yaani wa kurudishia umeme kwenye hasi ya betri, unaotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi. Injini ikiwaka, taa kubwa na feni zikiwa zimewashwa, weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha giaboksi. Ukipata zaidi ya volti 0.1, safisha maungio hayo kabla ya jambo jingine lolote. Chaji ya alteneta iwe baina ya volti 13.5 na 14.5.

Dereva wa Segera

Wakuu, naheshimu maelezo ya fundi, lakini nadhani mnamchosha ndugu yetu. Kwa tatizo la stata kugoma P, zile nyaya mbili za inhibita huunganishwa pamoja na gari linawaka mkono ukiwa popote. Na kufuli la P nalo lina kitufe kidogo pembeni ya mkono chenye maandishi ya SHIFT LOCK. Ukikibonyeza na kukikaza kwa kipande cha plastiki, mkono hautagoma tena. Magari kadhaa yanatembea hivyo.

Fundi Rewaya, Ngamiani

Ndugu yangu wa Segera, hapo siwezi kukaa kimya. Kitufe cha SHIFT LOCK kimewekwa ili gari lililokufa betri liweze kutolewa P na kuvutwa, na kukitumia siku ya dharura ni halali kabisa. Kukikaza kibaki kimebonyezwa daima ni kumruhusu mtoto aliyeachwa ndani ya gari autoe mkono P bila breki, na mitaa yetu si yote tambarare.

La kuunganisha nyaya za inhibita ni baya zaidi. Swichi ile ipo ili injini isiwake gia ikiwa imeingia. Siku mkono utakapokuwa D, na mtu akanyoosha mkono kupitia dirishani kuwasha gari huku amesimama nje, gari litaondoka nalo litakwenda palipo mbele yake. Halafu, ukishaziunganisha, umeua ushahidi: hutajua tena kama kebo imelegea, na kebo iliyolegea ndiyo inayomfanya mtu aegeshe gari akiamini liko P ilhali liko R, gia ya kurudi nyuma. Naomba asijaribu mtu yeyote anayesoma hapa.

Mkazi wa Chumbageni

Wakuu, nimerudi na majibu, na nawashukuru wote waliochangia. Nimemtafuta fundi wa umeme wa magari, nikamsomea maandishi haya yote, naye akakubali kuyafuata bila kubadilisha kitu chochote kwanza.

La kwanza lilikuwa kama alivyosema ndugu wa Bandarini. Asubuhi mkono ulipogoma, taa za breki hazikuwaka. Nilipokanyaga zaidi zikawaka, na mkono ukatoka. Fundi aliichomoa swichi iliyo juu ya pedali akaifungua mbele yangu. Miguso yake ilikuwa na weusi wa kuungua na kishimo katikati, upande mmoja umelika kuliko mwingine. Tumeweka mpya, na tangu hapo mkono haujagoma.

La pili, tulifanya jaribio la kusukuma mkono kuelekea mbele, na stata ikalia. Tulipotoa betri na trei yake ili kuiona inhibita, tukakuta alama ya kupangia haikutani na mfereji wa shafti, na boliti zake mbili zina mikwaruzo mipya ya spana. Inaonekana aliyewahi kuifungua hakuirudisha mahali pake. Kebo na bushi zake ni nzima. Fundi aliweka mkono N, akalegeza boliti, akaizungusha swichi mpaka mfereji ukakaa kwenye alama, akakaza. Sasa gari linawaka P na N, na nafasi nyingine zote linakataa, nazo tumezijaribu moja baada ya nyingine.

La tatu ndilo ninaloleta mbele yenu. Taa iliporudi kuwaka na kuzima tulikwenda kwa mwenye mashine kamili betri ikiwa haijaguswa, akasoma P0753. Kutokea plagi ya kontroli boksi, giaboksi ikiwa ya moto, mita ilisoma karibu omu 16, lakini fundi alipoutikisa mkungu wa nyaya chini ya trei ya betri, ikaruka hadi njia imekatika na kurudi. Kutokea plagi ya giaboksi, haikuruka hata tulipoigongagonga kwa mpini wa bisibisi. Tulipofungua tepu ya mkungu, pale unapobanwa na klipu kwenye fremu, waya mmoja ulikuwa umevimba kidogo. Ngozi yake ilipochanwa, shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani na nyuzi chache tu ndizo zilizoshikilia. Je, tuusokote na kuufunga tepu, au mkungu wote ubadilishwe? Na kwa nini ulikuwa ukikatika mlimani tu?

Fundi Rewaya, Ngamiani

Hongera, na umpe salamu zangu fundi huyo. Amefanya kazi ya kiungwana.

Mlimani kuna mambo mawili yanayokutana. Injini inapovuta kwa nguvu huinama kidogo kwenye mauntini zake, yaani raba zinazoishikilia, na kuuvuta mkungu, na pale kwenye klipu, mahali mkungu usipoweza kusogea, ndipo waya hunyooshwa. Joto nalo hulegeza ngozi ya plastiki ambayo ilikuwa ikizibana zile nyuzi chache zilizobaki. Barabara tambarare ya kwenda Muheza haina mvuto huo, ndiyo maana gari lilikuwa likikudanganya kuwa limepona. Kwa mahali lilipo kosa, yaani chini ya betri, naamini ni unyevu na mvuke wa asidi ya betri ulioingia kupitia ufa wa ngozi, na chumvi ya bahari ikamalizia.

Mkungu wote hauhitaji kubadilishwa, lakini kusokota na kufunga tepu msifanye, kwani unyevu utaingia tena na masika haitapita salama. Kateni waya pande zote mbili mpaka mfikie shaba inayong'aa. Kijani hupenda kutambaa ndani kwa ndani kuliko inavyoonekana kwa nje. Wekeni kipande kipya cha waya wenye unene uleule, maungio yachomewe kwa risasi au yabanwe kwa koleo lake maalumu, kisha yafunikwe kwa mpira unaosinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Waya mpya uwe mrefu kidogo kuliko wa zamani ili upate nafasi ya kusogea na injini, na ile klipu ihamishwe au ilegezwe. Chaneni ngozi za nyaya za jirani kwenye mkungu huohuo sehemu ndogo tu, mzitazame, kwa maana mwenzake aliyelala ubavuni mara nyingi ameanza safari ileile. Trei ya betri isafishwe kwa maji yaliyotiwa magadi kisha ipakwe rangi.

Baada ya hapo ifuteni kumbukumbu kwa mashine, na mpande tena Mombo hadi Lushoto gari likiwa na mzigo, huku mashine imechomekwa na plastiki za chini ya dashibodi zikiwa bado hazijafungwa. Ikiwa P0753 itarudi, pimeni upya kutokea plagi ya kontroli boksi kabla giaboksi haijapoa. Kipimo kikitulia mkungu unapotikiswa na msimbo ukaendelea kurudi, hapo ndipo mafuta yamwagwe, sampu, yaani bakuli la mafuta chini ya giaboksi, ifunguliwe na solenoidi yenyewe itazamwe, kazi ambayo kwenye giaboksi nyingi za aina hiyo hufanyika bila kuishusha giaboksi.